Jino la Mpiga Nzumari

Tuseme kweli tu: Alamin Boga wa Milalani si mtu wa maneno. Ukimpa salamu atakuitikia, maana adabu anayo, lakini ukimwuliza habari za nyumbani utasimama hapo mpaka miguu ikufe ganzi. Kutwa yuko juu ya minazi ya watu akiangua nazi, na huko juu hakuna wa kumsemesha, jambo linalomfurahisha mno. Mkewe, Hafsa, anayekaanga viazi vya karai kando ya barabara ya Msambweni, husema kwamba katika ndoa yao yeye ndiye aliyesema maneno yote, yake na ya mumewe.

Lakini mpe Alamin nzumari, ndipo utakapojua alikuwa ameyaweka wapi maneno yake. Ngoma ya sengenya ikitangazwa, kuanzia Majoreni hadi Kombani, watu huuliza kwanza kama Alamin atakuja, kisha ndio waamue kama wataoga. Nzumari yake haikati. Mtu mwingine akipuliza lazima aache ili avute pumzi. Yeye huijaza hewa mashavuni, akaisukuma kwa mashavu huku akivuta nyingine kwa pua, na wimbo ukaenda moja kwa moja mpaka wapiga ngoma ndio wanaoomba kupumzika. Alifundishwa na marehemu mzee Tsofa, kwa bilauri ya maji na bua la jani la mpapai: apulize mapovu yasikatike, na yakikatika anakula kofi.

Hafsa aliolewa nyumba hiyo kwa ajili ya nzumari, wala hafichi. Babake alipomwuliza kama kweli anamtaka yule bubu, alijibu kwamba si bubu, wao ndio hawasikii. Alipata kofi lake pia, na mume akampata.

Sasa, jino. Ujanani Alamin alipigwa na kuti kavu mdomoni, chini ya mnazi wa watu. Midomo ilipasuka ikapona, na jino la mbele la juu likabaki mahali pake, ila mwaka baada ya mwaka lilikuwa likigeuka rangi mpaka likawa kama samli. Halikumwuma, naye hakulijali. Mwaka jana ndipo ufizi ulipoanza kuvimba juu yake, ukatoa kipele cha usaha, kikapasuka, kikarudi. Mpiga nzumari huugandamiza mdomo wa juu kwenye kibamba cha kifuu kilichopo shingoni mwa nzumari, na kinachoushikilia mdomo huo kwa ndani ni meno ya mbele. Mzee Tsofa aliacha nzumari siku alipopoteza meno yake. Mdomo ulibonyea, hewa ikavuja, akamaliza umri wake akiwa mtazamaji kwenye ngoma za wenziwe, akitabasamu kwa mdomo uliofungwa. Hafsa alimwona mzee yule akinywea mwaka hadi mwaka. Alijua kwamba mume wake hasemi kwa ulimi, na akawaza atakuwaje asiposema kwa nzumari pia. Aliogopa, na woga ule ulimnyima hamu ya kula.

Daktari wa kwanza waliyemwendea alikuwa mtu mkweli. Alilitoboa jino kwa nyuma, akatafuta mfereji wa mzizi, akautafuta tena, jasho likamtoka. Mwisho akavua glavu. Aliwaeleza kwamba jino likipigwa ujanani, mara nyingine hujifunga ndani kwa ndani. Mfereji hujaa kitu kigumu kama jino lenyewe, ukabaki mwembamba kuliko uzi, na usaha unakaa kule mwisho wa mzizi pasipo njia ya kuufikia. Akizidi kuchimba kwa kubahatisha atautoboa mzizi ubavuni, na hapo jino limekwisha.

"Ama niling'oe," alisema, "ama nendeni Diani. Kuna daktari kule ana kompyuta ya kumwonyesha njia."

Kompyuta ya kuonyesha njia! Hafsa aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani na hakujua ayaweke wapi. Simu ya kuonyesha njia anaijua. Mtalii akipotea Ukunda huitoa mfukoni, nayo ikamwambia apinde kulia. Lakini ndani ya jino kuna kulia gani? Alimwuliza Alamin, na Alamin akainua mabega.

Daktari wa Diani alikuwa Faith, mwanamke kijana kutoka bara, mcheshi, mwenye Kiswahili cha mbiombio. Msaidizi wake, Jumwa, mwenyeji wa Kinango, aliwaamkia shikamoo kwa utaratibu wake na akampa Hafsa kiti pembeni. Alamin alisimamishwa ndani ya mtambo uliomzunguka kichwa mara moja ukinguruma, na muda si muda jino lake likawa kwenye skrini, kubwa kama kabati, likigeuzwa huku na huku. Hafsa aliona haya kidogo, kama vile mumewe amevuliwa nguo mbele za watu.

"Ebu ona, mama," alisema Faith. "Hapa mwanzo hakuna njia, imefunga kabisa. Lakini huku ndani zaidi mfereji bado iko, unaona ile laini? Nimechora barabara kutoka hapa mpaka pale. Hizi kamera mbili zinaangalia mkono yangu na zinaangalia meno ya mzee. Kompyuta inaniambia kama niko kwa barabara ama nimetoka."

"Kwa hiyo wewe hutautazama mdomo?"

"Nitaangalia skrini."

"Na mdomo utatazamwa na nani?"

"Kamera, mama."

Hafsa alikuwa na maswali mengine saba hivi, lakini kila alipolishika moja, jingine lilimponyoka.

Jumwa alikuja na maswali yake mwenyewe. Mzee ana sukari? Ana presha? Kuna dawa inayomdhuru? Kisha akauliza, "Na mdomo je, mama? Ana mazoea yoyote? Kusaga meno usingizini, kutafuna kucha, sigara?"

"Hana," alisema Hafsa. "Huyu ni mtu mtulivu, mwanangu."

Alamin alitikisa kichwa kukubali. Akaambiwa avue vitu vya chuma. Akavua saa na pete, akalazwa.

Walimdunga sindano ya ganzi. Wakambana kibano kwenye meno ya upande, na kibano kile kilikuwa na mkono uliotokeza nje ukiwa na kibao kidogo cha miraba myeusi na myeupe. Kibao kama hicho kilikuwa pia kwenye keekee ya daktari, ile ya kutobolea, na vibao hivyo ndivyo kamera zilivyovitazama. Halafu wakautandia mdomo wote kipande cha mpira wa buluu, jino moja tu likachomoza kwenye tundu, ili mate yasiingie wala dawa isimezwe. Hafsa alimtafuta mumewe chini ya vitu vile akaona pua na macho tu. Faith aligusisha ncha ya keekee kwenye jino. Kwenye skrini, ncha ya keekee ikagusa jino pale pale. Akaridhika. Kikatokea kiduara chenye nukta katikati, na kazi ikaanza.

Hapo watu wote waliokuwa chumbani walitazama skrini. Faith alitazama skrini, Jumwa akatazama skrini, na Hafsa naye, asiyejua chochote, akatazama skrini na kuiombea nukta ibaki ndani ya duara. Keekee ililia kidogo, ikaacha. Faith akagusisha tena ncha kwenye jino kuhakikisha, kama wafanyavyo kila baada ya muda, na safari hii picha ilionyesha ncha ikielea hewani, mbele ya jino.

"Ajabu," alisema.

Walikikaza kibano, wakaanza upya. Nukta ikakaa sawa, halafu, pole pole, mambo yakaharibika tena. Walibadilisha kibao. Walifuta kamera. Jumwa alizima taa moja akawasha nyingine. Faith alisema maneno ya Kizungu ambayo Hafsa hakuyaelewa, ila aliyatambua kwa sauti yake kuwa si ya kusemwa mbele ya wazee.

"Mkono yangu inaniambia niko kwa jino," Faith alisema, bila kumwambia mtu hasa. "Kompyuta inaniambia niko nje. Na siwezi toboa kama sijui nani anasema ukweli."

Hafsa aliwatazama mmoja mmoja. Kama anayejua amechanganyikiwa, asiyejua afanyeje? Ndipo alipokumbuka hirizi. Mkononi mwa Alamin, juu ya kiwiko, ndani ya shati, ilikuwako hirizi ya ngozi. Hakuna mpiga nzumari wa sengenya asiye nayo, kwa maana vikundi vinashindana, na nzumari za watu zimewahi kufungwa kwa uganga zisilie mbele ya halaiki. Ndani ya ngozi ile pengine kuna kipande cha shaba. Hafsa hajui, haifunguliwi. Waliambiwa wavue chuma, wakavua saa na pete, na hirizi hakuna aliyeitaja. Sasa alijiona amemponza mumewe kwa haya zake.

"Daktari," alisema, "kuna kitu sikukisema."

Faith hakuelewa hata baada ya kuelezwa. Jumwa alielewa kwa neno moja, wala hakucheka. Alikunja mkono wa shati, akaifungua hirizi taratibu, akampa Hafsa aishike. Macho ya Alamin yalimkodolea mkewe kutoka juu ya mpira wa buluu. Walianza upya. Nukta ikatulia, Hafsa akashusha pumzi, na kabla hajamaliza kuishusha, nukta ikatoka nje ya duara. Kumbe hata hirizi ilisingiziwa.

Faith aliiweka keekee chini. Alifumba macho kuyapumzisha, akayafumbua, na kwa mara ya kwanza tangu waanze akamtazama mgonjwa mwenyewe.

Mpira wa buluu ulikuwa ukivimba na kunywea. Ulijaa taratibu, ukashuka taratibu, ukajaa tena, kwa mpango mzuri kabisa. Alamin alikuwa amefumba macho, na vidole vyake juu ya tumbo vilikuwa vikiinuka na kushuka kimoja kimoja.

"Mama," Faith aliuliza, "mzee anafanya nini?"

Hafsa alitazama. Hakuona jambo la kushangaza.

"Anapiga nzumari," alijibu, kama mtu angejibu kwamba amelala.

Ilibidi Hafsa aelezwe na daktari ndipo aone kosa liko wapi. Mtu yule akiwa na hofu, au akisubiri kitu, au akiwa juu ya mnazi mrefu kuliko kawaida, hupiga nzumari bila ya nzumari. Mashavu hujaa, hewa husukumwa. Chini ya mpira ule hewa ilikuwa ikiinua kingo, kingo zikikisukuma kibano upana wa unywele, na upana wa unywele ndani ya jino ni safari ndefu. Kompyuta haikukosea kuhesabu, ila iliambiwa mahali ambapo kibano hakikuwapo tena.

"Si tuliuliza mazoea yake?" Faith alisema, akiwa kati ya kucheka na kulia.

"Mwanangu, mimi sikujua kwamba hayo ni mazoea," alisema Hafsa. "Nilidhani ndivyo anavyopumua."

Walimwambia Alamin aache. Akaashiria kwa kidole kwamba amesikia. Punde si punde mpira ukaanza kuvimba. Walimwambia tena, na masikini aligeuka mwekundu wa macho kwa kujizuia, lakini mtu atajizuiaje na jambo asilojua kwamba analifanya? Faith alitazama saa. Alisema wakishindwa leo ganzi itaisha, na jino lililokwisha tobolewa haliwezi kungoja sana. Pengine kung'oa ndiko kutakakobaki.

Neno hilo lilimnyanyua Hafsa kitini. Aliomba aketi karibu. Wakamvisha glavu, wakamketisha kwenye kigoda, mkono wake upite chini chini usizibe kamera, kiganja kikae shavuni mwa mumewe. Shavu lilipojaa, akabonyeza. Likajaa tena, akabonyeza. Alamin alifumbua macho akamtazama. Hakuwa na maumivu, sindano ilikuwa imefanya kazi yake, lakini alimtazama kama mtu anayenyang'anywa kitu na hajui ni kitu gani. Hafsa hakuyakwepa macho yale. Alibonyeza na kubonyeza, hata mkono ukamfa ganzi, na mwishowe shavu likatulia kabisa chini ya kiganja, likawa shavu la mtu yeyote.

Nukta haikutoka tena nje ya duara. Keekee ililia, ikaacha, ikalia. Faith akachukua sindano nyembamba kama unywele, akaiingiza kwa ncha za vidole, na sindano ikazama ndani, ikazidi kuzama.

"Nimeingia!" alisema Faith, na Jumwa akampigia makofi. Hafsa alifurahi, machozi yakamlengalenga. Hakuelewa tu mbona furaha ile ilikuwa na tundu mahali fulani.

Mfereji ukasafishwa, ukatiwa dawa, wakarudi mara ya pili jino likajazwa na kufungwa. Kipele kikakauka. Ufizi ukawa ufizi. Asubuhi moja, karai likiwa bado halijapata moto, Alamin alikwenda nyuma ya nyumba na nzumari yake. Hafsa alisimama na mwiko mkononi, asikie.

Sauti ilitoka nzito na safi, mdomo haukuvuja hata kidogo. Ikapanda, ikafika pale pa kuvuta pumzi, ikakata. Kimya. Ikaanza tena, ikakata pale pale. Alibadilisha ulimi wa nzumari, akaulowesha, akajaribu. Ikakata. Hafsa aliviunguza viazi vya kwanza siku ile na wateja wakamtania kwamba amechoka na kazi.

Walirudi Diani. Faith alipiga picha, akaigeuza huku na huku kwenye skrini. "Jino iko sawa kabisa, mzee. Hata mfupa imeanza kujaa."

"Na pumzi?" aliuliza Hafsa.

Faith alimtazama Alamin kwa huruma ya kweli. "Pumzi sijui, mama. Hiyo kompyuta yangu haiwezi kunionyesha."

Hafsa ndiye aliyejua, na hakutaka kujua. Zamani Alamin hakuifikiri pumzi. Sasa alikuwa akiifikiri. Ungeyaona macho yake yakisema jaza, sukuma, vuta, na alipofika vuta, shavu liliganda kama vile kuna kiganja. Kiganja kilikuwa cha nani? Hafsa alikitazama wakati akimenya viazi, kilivyo, na makovu yake ya mafuta. Jino alilikomboa na mwenye jino akamfunga. Au sivyo? Labda ni ganzi iliyosalia. Labda ni hirizi, ambayo ilivuliwa na kushikwa na mwanamke. Labda ni uzee tu. Kila sababu aliyoishika ilikuwa na mguu mmoja, haikusimama.

Swabir, mpiga ngoma wao mkubwa, alikuja na habari kwamba wamealikwa Funzi. Alamin alikuwa akinoa shoka lake la kuangulia.

"Tafuteni mwingine," alisema.

Swabir alimgeukia Hafsa, kama kwamba ni yeye atakayetafsiri. Hafsa, mwenye maneno ya watu wawili, akazidi kumenya viazi.

Alamin hakuwa mkali siku zile. Afadhali angekuwa mkali. Alikula alichopewa, akasema ahsante, akapanda minazi, akashuka. Aliitundika nzumari juu ya mlango wa chumbani, na akipita alikuwa akiinama kidogo, ingawa mlango ni mrefu wa kutosha.

Alasiri moja Hafsa alirudi kutoka barabarani, akaosha karai, akanawa mikono mpaka mafuta yakaisha. Akaitungua nzumari. Pengine alitaka kumtibu mumewe, pengine alitaka kujiadhibu, na pengine akili zilikuwa zimemruka tu. Alimkuta uani, akasimama mbele yake.

"Baba Zainabu, nifundishe."

"Nini?"

"Hii."

"Mwanamke hapigi nzumari."

"Na mwanamume naye hapigi, naona. Basi iliwe na mchwa?"

Alamin alimtazama, asijue kama ametukanwa. Hafsa hakungoja ruhusa. Akaitia mdomoni, akapuliza, ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Kuku walitawanyika. Alamin alifumba macho kwa maumivu.

"Sivyo," alisema.

"Vipi basi?"

"Usipulize kwa kifua. Weka shavuni."

Akaweka shavuni. Mbuzi akalia tena, mkubwa zaidi.

"Shavuni, Hafsa! Jaza, halafu shavu ndilo lisukume. Pua ifanye kazi yake. Usiiambie pua. Ukiiambia, inaharibika. Wewe shughulika na wimbo, pua inajua yenyewe." Mtu asiye na maneno alikuwa akiyamwaga kama gunia lililotoboka, na hakuna hata moja lililomsaidia mwanafunzi. Hafsa alijaza mashavu mpaka macho yakamtoka, akapaliwa, akakohoa, akaanza tena. Hakuwa akiigiza. Alikuwa hajui kweli, na jambo la kutokujua kitu kilichoishi naye nyumba moja umri wote lilimtia uchungu, akazidi kupuliza vibaya.

"Lo! Lete hapa!" Alamin alimpokonya. "Tazama mashavu yangu. Tazama!"

Akapiga. Alimkazia macho mkewe kuhakikisha kwamba anatazama, kama mzee Tsofa alivyokuwa akimkazia yeye, na akasahau kujitazama mwenyewe. Sauti ilipanda ikafika pale pa kuvuta pumzi, ikapita. Hafsa alikaza uso wake wote. Ikafika tena, ikapita, wala hapakuwa na mahali pa kufika tena, ilikuwa ni nzumari moja kwa moja, inasema na minazi, inasema na barabara, inasema yote yaliyokuwa yamefungiwa tangu Diani. Alikwenda hivyo mpaka alipoona somo limetosha. Akaacha, si kwa kukosa pumzi.

"Umeona?" aliuliza kwa hasira, akifuta mdomo. "Hivyo tu. Kuna ugumu gani?"

Hakuwa amejua alichokifanya. Hafsa alijikuna shingo, akafanya uso wa mtu mzito wa kufahamu.

"Sijaona vizuri," alisema. "Rudia."